Kuku Mgeni na Kamba Mguuni

WAFULA: Karibuni tena, wasikilizaji, mlioko Busia, Bombo, Mbale, Arua na kokote mnakotusikia. Mimi Wafula, niko na dada Sauda. Leo tuko uani, kwa kuku. Dada, juzi ulinitumia picha ya mtetea kichwa kimejaa damu. Nikadhani ni mbwa.

SAUDA: Ni kuku wenzake. Na kosa lilikuwa langu, kaka, ndiyo maana nimetaka tulizungumze. Nilikwenda Iganga kumsalimia shangazi. Unajua kwetu mgeni haagwi mikono mitupu, nikapewa mtetea mweusi, nikapanda naye teksi hadi Bombo. Kufika nyumbani nikafanya nilichokuwa nikimwona mama akifanya: nikachana kipande cha kitenge, nikamfunga mguu kwenye mfenesi ili azoee mji. Nikaingia kuswali Alasiri. Kutoka nje, kuku wangu wanne wamemzunguka, wanamdonoa utosini kwa zamu.

WAFULA: Lakini kumfunga ni desturi. Wahenga wamesema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Usipomfunga, magharibi humwoni, na jirani naye atakuapia kwamba hajamwona.

SAUDA: Kamba inamzuia kupotea, hilo sibishi. Lakini inamzuia pia kukimbia, na kwa kuku kukimbia ndiko kuomba amani. Kuku waliozoeana kila mmoja anajua nani wa kumpisha. Wa juu akimdonoa wa chini, wa chini anainamisha kichwa, anasogea, yameisha. Mara nyingi hata hadonoi, anamtazama tu. Mgeni hajapimwa na yeyote, kwa hiyo kila mmoja atataka kumpima. Akishindwa anakimbia, mshindi anamfukuza hatua chache kisha anarudi kwenye pumba zake. Sasa wangu alikuwa akikimbia, kamba inamrudisha pale pale. Machoni pa wenzake, huyo amekataa kushindwa. Wakaendelea.

WAFULA: Pole sana. Alipona?

SAUDA: Alipona, alhamdulillahi. Nilimtenga siku hiyo hiyo, nikamsafisha. Kuku akiona damu hamwachi mwenzake. Donda dogo la asubuhi linaweza kuwa maiti ya jioni, na hapo si suala la nani mkubwa tena, ni ulaji wa nyama. Mwenye donda atengwe kwanza, lawama baadaye.

WAFULA: Kuna Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeyaandika haya miaka ya 1921 na 1922. Alianza kuwatazama kuku tangu utotoni, akajifunza kumtambua kila mmoja, akawa anaandika nani amemdonoa nani. Ndiye aliyewaonyesha wasomi kwamba kundi la kuku lina ngazi. Nampenda kwa sababu alianza kama mtoto yeyote aliyekalishwa uani kuchunga mtama usiliwe, ila yeye alikuwa na daftari.

SAUDA: Na aliona kwamba ngazi hiyo si lazima inyooke. Unaweza kukuta mwekundu anamtawala mweupe, mweupe anamtawala wa madoadoa, kisha wa madoadoa anamtawala mwekundu. Wanazunguka.

WAFULA: Hilo ninalo nyumbani kwangu. Nina kuroila, yule kuku chotara, mkubwa kama bata, anapishana vizuri na wote isipokuwa kienyeji mmoja mdogo, mkali. Huyo akija kwenye beseni, kuroila anaondoka na njaa yake.

SAUDA: Ukubwa wa mwili peke yake hautoshi. Umri unahesabika, afya inahesabika, undu mkubwa mwekundu unahesabika sana. Na uenyeji! Kuku aliye kwake ana ujasiri ambao mgeni hana. Tena wanatambuana kwa kichwa na undu. Ndiyo maana ukimtenga kuku wiki mbili tatu, anaweza kurudi akapokewa kama mgeni. Fikiria koo aliyeatamia pembeni siku zake 21.

WAFULA: Ila huyo akirudi na vifaranga, hata jogoo anafikiria mara mbili.

SAUDA: Ana haki! Lakini huyo kuroila wako, kaka, msaidie. Beseni ni moja?

WAFULA: Moja.

SAUDA: Basi kienyeji wako ameketi mlangoni mwa duka. Weka mawili au matatu, mbali mbali, moja nyuma ya banda wasikoonana. Kuku mmoja hawezi kulinda mabeseni mawili. Maji vivyo hivyo. Sisi tunamwaga mabaki ya posho na maganda ya matoke mahali pamoja, halafu tunamlaumu kuku aliyekonda kwamba hana uzao. Hajala!

WAFULA: Nimekubali. Na majogoo je? Nilileta jogoo kutoka kijijini, nikamweka na wawili wa hapa Busia. Wiki nzima sijasikia sauti yake ikitangulia. Jirani akaniambia, jogoo la shamba haliwiki mjini.

SAUDA: Majogoo wana ngazi yao, matetea na makoo wana yao. Na methali hiyo ina ushahidi. Mwaka 2015 watafiti wa Japani, akiwemo Takashi Yoshimura wa Chuo Kikuu cha Nagoya, walichapisha walichokiona: majogoo wakiwa pamoja, wa juu ndiye anayefungua alfajiri, wengine wanafuata kwa daraja zao. Wakimwondoa wa juu, wa pili ndiye anayeanza.

WAFULA: Kwa hiyo wangu anangoja zamu.

SAUDA: Anangoja. Mimi sisikii adhana ya alfajiri siku hizi bila kusikiliza pia ni jogoo yupi ametangulia.

WAFULA: Turudi kwenye kamba. Umesema ni mbaya, lakini mgeni lazima azoee mji. Badala yake nini?

SAUDA: Kwanza akae peke yake, mbali kabisa, wiki mbili hadi nne. Hilo si la ngazi, ni la kideri na magonjwa mengine. Kuku wa safari anaweza kukuulia wote. Halafu ndani ya banda weka pazia la wavu. Yeye upande huu, wenyeji upande ule, waonane bila kuguswa, wale kila mmoja upande wake kwa siku kadhaa. Hapo anajifunza banda ni lake, kazi ile ile uliyotaka kamba ifanye.

WAFULA: Na siku ya kuondoa wavu?

SAUDA: Uwe nyumbani. Mimi nilimwingiza usiku kwenye mti wa kulalia, nikaamka kabla yao. Walimdonoa, ndiyo, kwa siku kama tatu. Sikuingilia, kwa sababu alikuwa na pa kukimbilia: nyuma ya magunia, chini ya kitanda cha vyombo, juu ya mti. Ukiweza, leta wawili au watatu pamoja, madono yagawanyike. Mmoja peke yake anabeba yote.

WAFULA: Dada yangu anakuja Jumamosi kutoka Tororo. Amesema ananiletea kuku.

SAUDA: Mmoja?

WAFULA: Mmoja.

SAUDA: Mpigie simu leo, mwombe wawili. Na wavu unao?

WAFULA: Nina kipande kilichobaki nilipojenga banda. Mita mbili hivi.

SAUDA: Kinatosha. Kitenge mwachie mkeo.