Kabla ya kunitumia picha za Black Friday, tupige hesabu

Jambo yenu bandugu! Jambo wana L'shi wote, Lubumbashi yetu ya Kongo, kutoka Katuba mpaka Ruashi, na nyinyi wa Likasi mnaoangalia kimya kimya bila kuweka hata like moja. Tokea mwezi wa kumi na moja uingie, simu yangu hailali. Yaya, mkubwa wangu, ananitumia picha ya televisheni, shemeji picha ya viatu, mtoto wa mama mdogo picha ya iPhone yenye alama nyekundu ya asilimia 40. Na wote chini wanaandika yale yale: "Ni bei ya kutupa, nunua tu, tutaongea." Haya, tuongee sasa, kabla sijanunua.

Black Friday si ya huku Ubelgiji. Ni ya Marekani, Ijumaa inayofuata sikukuu yao ya Thanksgiving, na wafanyabiashara wa huku wameichukua kwa sababu inajaza maduka. Punguzo la huku lenye sheria yake ni solde. Zinakuja mara mbili kwa mwaka: za baridi zinaanza tarehe 3 Januari, za joto tarehe 1 Julai, na kila moja inakwenda mpaka mwisho wa mwezi. Tena kwa nguo, viatu na vitu vya ngozi, duka linakatazwa kutangaza punguzo lolote mwezi mzima unaotangulia. Kwa hiyo kuanzia tarehe 3 Desemba mpaka Bonane, yaani Mwaka Mpya, ipite, ukiniambia nikutafutie nguo ya mtoto iliyoshushwa bei, unanituma kutafuta kitu ambacho sheria imekificha.

Hapo ndipo kuna shida yetu. Kwetu mtoto havai cha zamani siku ya Noeli, na siku ya Bonane ndiyo kabisa. Mnajua wenyewe soko la Kenya, lile la pale L'shi, linavyokuwa wiki ya mwisho: hakuna pa kuweka mguu, na gauni uliloambiwa bei asubuhi, jioni lina bei nyingine. Kwetu bei inapanda kabla ya sikukuu. Huku inaanguka sikukuu zikishaisha. Anayeniomba nguo za Noeli katikati ya Desemba anataka nilipe bei nzima ya dukani, halafu nilipe na ndege juu yake, kwa sababu meli haiwezi tena kuwahi. Mama, kwa falanga hizo unavalisha watoto wawili pale pale Kenya, na muuzaji anakuongezea soksi za matabishi.

Mimi dawa yangu ni Januari. Nanunua Januari kwa ajili ya Noeli inayokuja. Najua mtacheka, lakini sikilizeni. Sheria ya Ubelgiji inamkataza mwenye duka kuuza kwa hasara, isipokuwa katika hali chache, na solde ni mojawapo. Ndiyo maana Januari bei inashuka kweli: makoti na sweta za baridi zinakula nafasi, nguo za msimu ujao ziko njiani, na mwenye duka ameruhusiwa kuziachilia hata chini ya bei aliyonunulia. Mkipita Rue Neuve hapa Brussels wiki ya kwanza mtaona asilimia 30. Ngojeni. Kuelekea mwisho wa mwezi wanabandika karatasi nyingine juu ya ile ya kwanza, 50, wakati mwingine 70. Hii sweta ya mtoto ninayowaonyesha hapa, angalieni lebo, nasogeza kamera: kuna kijikaratasi chekundu, chini yake kingine, na chini kabisa bei ya mwanzo, euro 30. Nimeilipa 9.

Hasara ya kungoja ni kwamba saizi za kawaida zinaisha haraka. Zinabaki ndogo sana na kubwa sana. Kwangu si neno, mimi nanunua kubwa. Mtoto wa miaka sita nampimia ya miaka minane, kwa sababu akiivaa Desemba atakuwa amekua.

Na msiniambie Afrika ni joto, sweta ya nini. L'shi iko juu, mita 1,200 na zaidi, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba mnazijua, watu wanatoka na vitenge mabegani mpaka jua lipande. Mzigo wangu wa Januari unapanda kontena Antwerp, unashuka Dar es Salaam, unakamata barabara ya Tunduma, unavuka Zambia yote, unaingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Ni miezi, si wiki. Lakini kitu kilichonunuliwa Januari kina muda wa kuchelewa hata mara mbili na bado kikafika mbele ya Noeli, na zile sweta zikiwa na bahati zinakuta baridi yenyewe.

Sasa kilo. Hapa ndipo watu wanadanganyika. Tuseme anayebeba kwa ndege anataka euro 12 kwa kilo. Ni mfano tu, kila mtu ana bei yake. Sufuria zile nzito, seti nzima, zimeshushwa kutoka 80 mpaka 50. Umefurahi, umeokoa 30. Seti ina kilo sita: 72 za ndege. Jumla 122, na forodha sijaigusa. Sufuria kama hizo ziko mjini kwenu, unazigonga kwa kidole, unapatana bei, unaondoka nazo kwa taxi. Viatu ni afadhali, mradi tuache boksi huku. Boksi la kiatu ni hewa mnayoilipia.

Wenye ndugu Marekani, nawaomba sana. Umeme wa kule ni volti 120, wa kwetu 220. Mashine ya kusaga au ya kukausha nywele iliyotengenezwa kwa 120 peke yake, ukiichomeka kwetu Kamalondo, pale L'shi, utasikia harufu tu. Someni chini ya chombo: ikiandikwa 100 mpaka 240, sawa. Na hiyo iPhone ya yule mdogo wangu: kuanzia namba 14, zinazouzwa Marekani hazina tundu la kadi ya SIM, zinatumia eSIM peke yake, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe, bila kadi. Nyingine ni za bei rahisi kwa sababu zimefungwa kwa kampuni ya simu ya huko. Muulize kwanza mtu wa mtandao wako kama atakuwekea eSIM, ndipo umwambie mjomba atoe falanga.

Kuhusu asilimia zinazoandikwa: tangu 2022 Umoja wa Ulaya una kanuni kwamba duka likitangaza punguzo, bei ya zamani linayoonyesha iwe ile ya chini kabisa ya siku 30 zilizopita. Imepunguza ujanja, haijaumaliza. Kuna maduka yanalinganisha na bei "inayopendekezwa" na mtengenezaji, ambayo labda hakuna aliyewahi kuilipa. Mimi napiga picha ya bei ya kitu mwezi wa kumi, basi.

Kingine, hiki ni cha wanaokuja kutembea na viza. Bei za huku ndani yake kuna TVA, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 21 kwa vitu vingi. Mtu anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa sehemu yake: unamwomba muuzaji karatasi wakati wa kulipa, unaonyesha pasipoti, na forodha inaithibitisha uwanja wa ndege kabla hujaingiza sanduku. Mimi mkazi siwezi kukudaia, lazima uwe wewe. Mama mkubwa akija Julai wakati wa solde anapata vyote viwili, na sanduku lake lina kilo za tikiti ambazo tayari amezilipia. Mwachieni nafasi, msimjazie sombe kavu, yale majani ya muhogo, na kapenta, vile visamaki vikavu, peke yake. Ingawa kapenta naitaka.

Kwa hiyo orodha za Januari nazipokea kuanzia leo. Niandikieni umri wa mtoto na urefu wake kwa sentimita, maana nguo za huku zinakwenda kwa urefu. Kwa viatu, msimamishe mtoto juu ya karatasi, chora mguu, weka rula pembeni, piga picha. "Mguu wake kama wa dada yake" sipokei tena. Na atakayetuma falanga za kununulia aweke na za kilo humo humo.