Kodi ya mcheza karata: mhadhara kuhusu kesi ya Tom Goldstein

Wazee wetu shikamooni. Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie kesi ya Tom Goldstein, nami nimekubali kwa sharti moja: tusipige umbea. Nani alimkopesha na nani alikaa naye mezani, hayo mtayasoma wenyewe. Mimi ni mhasibu, mambo yangu ni karatasi.

Kwa wasiomfahamu, Goldstein ni wakili aliyesimama kutetea kesi mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani zaidi ya mara 40. Wapo mawakili wenye majina makubwa ambao hawajasimama pale hata mara moja. Mwaka 2000 alikuwa kwenye timu ya Al Gore, mgombea urais, katika kesi ya kura za Florida. Mwaka 2002 alishiriki kuanzisha SCOTUSblog, tovuti ambayo waandishi wa habari huiganda kila siku ya hukumu. Ofisi yake ilikuwa Bethesda, hapa jirani. Januari 2025 akafunguliwa mashtaka 22, mengi ya kodi, katika mahakama ya shirikisho hapa Maryland. Aliyakana yote, na mawakili wake wakasema serikali imekimbilia kushtaki bila kuelewa mambo yalivyo. Leo nimeshika hati ya mashtaka na sheria iliyo nyuma yake, basi.

Wengi mlionipigia simu mlidhani ameshtakiwa kwa kucheza kamari. Hapana. Hati inaeleza michezo ya poka, yaani karata za pesa, dhidi ya matajiri, mingine huko Asia, mamilioni ya dola yakienda na kurudi, lakini haimlaumu kwa kukaa mezani. Inamuuliza mambo mawili: uliposhinda, uliandika? Uliposhindwa, deni ulililipa kwa hela ya nani?

Hilo la pili ndilo zito. Serikali inadai kwamba madeni ya karata yalilipwa kutoka akaunti ya kampuni yake ya uwakili, vitabuni yakaandikwa kuwa gharama za kazi. Inadai pia kwamba ada za wateja, ambazo zilipaswa kuingia kwenye kampuni, zilielekezwa kwingine kufidia madeni hayo. Ngoja niwapigie hesabu ya kubuni. Kampuni imeingiza dola 1,000,000. Mwenye kampuni anadaiwa 400,000 za poka. Analipa kwa hundi ya ofisi, pembeni anaandika "ada za kisheria". Faida inayotozwa kodi inashuka hadi 600,000. Kwa kiwango cha juu cha sasa, 37%, hazina ya taifa imekosa dola 148,000. Yaani wewe na mimi tumemchangia kulipa deni la karata bila kuulizwa. Naona kaka pale nyuma anacheka. Bila shaka anamjua mtu aliyenunua matairi ya gari la mkewe kwa kadi ya biashara. Kanuni ni hiyo hiyo, tofauti ni kiasi.

Turudi kwenye kuandika ushindi. Tuliokulia Kenya tumezoea kampuni ya kubeti ikikata kodi kabla hela haijaingia kwenye simu. Hapa Marekani mzigo ni wako. Ukipiga jakipoti kubwa pale MGM National Harbor, kasino itakupa fomu na nakala itakwenda IRS, yaani mamlaka ya kodi. Mkicheza karata sebuleni kwa mtu, hakuna wa kujaza fomu yoyote, lakini ushindi unabaki kuwa kipato. Hata hela haramu ni kipato. Al Capone, yule jambazi wa Chicago, alihukumiwa miaka 11 jela kwa kodi, na Mahakama ya Juu imelirudia jambo hilo kwa wauza pombe ya magendo na hata kwa wezi.

Hasara je? Sheria inakuruhusu kuitoa kwenye kipato kinachotozwa kodi, ila isizidi ulichoshinda. Na hapa kuna uonevu, nausema wazi. Kuanzia 2026 unaruhusiwa kutoa 90% tu ya hasara. Ukishinda 100,000 na kupoteza 100,000 mwaka huo huo, utatozwa kodi kama mtu aliyepata 10,000, wakati mfukoni huna kitu.

Kuna mzee mmoja, Robert Groetzinger, ambaye nampenda sana. Mwaka 1978 alikuwa akiwekea dau mbio za mbwa siku 6 kwa wiki, saa 60 hadi 80, kama anayekwenda kazini. Mwaka mzima aliweka dola 72,032, akarudishiwa 70,000. Kazi yote hiyo, hasara 2,032! IRS wakambana, naye akapanda nao hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1987 ikasema: mtu anayecheza kamari muda wote, kwa nia ya kujipatia riziki, anafanya biashara. Kwa hiyo mcheza kamari wa kulipwa ana vitabu vyake vya hesabu. Tatizo huanza pale vitabu hivyo vinapochanganywa na vya ofisi nyingine.

Poka ya dau kubwa ina ugumu wake tena. Mchezaji huuza sehemu ya mchezo wake kwa wafadhili kabla hajakaa mezani. Anashinda milioni 10, lakini robo tatu ni ya watu. Kipato chake ni milioni mbili na nusu. Hela yote imepitia akaunti yake, makubaliano yako kwenye ujumbe wa simu. Mkaguzi akifika baada ya miaka mitano, utamwonyesha nini?

Ndiyo maana katika kesi za namna hii mvutano mkubwa huwa juu ya kusudi. Kukosea hesabu kunakuletea faini na riba. Jela inahitaji serikali ithibitishe kwamba ulijua wajibu wako ukaukiuka makusudi. Rubani mmoja, John Cheek, alidai anaamini kwa dhati kwamba mshahara si kipato. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ikasema juri, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia, lazima lipime kama kweli aliamini hivyo, hata kama imani yenyewe ni ya kipuuzi. Kesi ikarudiwa, juri halikumwamini, akatiwa hatiani tena. Kusema "mhasibu ndiye aliyekosea" nako kunakubalika, mradi mhasibu huyo ulimwambia kila kitu. Wateja wangu mlio humu, mnisikie vizuri hapo.

Sasa la mwisho, kwa mnaotafuta nyumba. Baadhi ya mashtaka ya Goldstein hayahusu kodi kabisa. Yanahusu fomu za mkopo wa nyumba, ambamo serikali inadai hakutaja mamilioni ya madeni. Kukwepa kodi kifungo chake cha juu ni miaka 5 kwa shtaka. Kuidanganya benki kwenye fomu ya mkopo, kifungo cha juu ni miaka 30. Wale mliomwachia dalali awajazie ukurasa wa madeni, bakini kidogo tukimaliza maswali. Haya, tuanze na mama pale mbele.