Shifti ya Saa 12 kwa Siku 6: Kosa Lisilofutwa na Malipo ya Ovataimu

Viongozi wa matawi, maofisa utumishi, wasimamizi wa zamu na ndugu wafanyakazi mliofika hapa Mbeya kutoka Rungwe, Mufindi na Njombe: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nianze na ratiba ambayo wengi hapa mnaijua kwa kichwa. Kiwanda cha chai, msimu wa mvua, majani yanaingia kwa wingi na hayawezi kulazwa hadi kesho kutwa. Shifti moja inaingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, nyingine inapokea mpaka asubuhi. Siku 6 hivyo hivyo, Jumapili mapumziko. Mwajiri anauliza: ovataimu nalipa, kosa liko wapi? Tupige hesabu.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, ndani ya siku 6. Ovataimu ni ya makubaliano, isizidi saa 50 katika kila wiki 4, na siku nzima pamoja na ovataimu isipite saa 12. Sasa toa saa moja ya chakula, maana anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya kupumzika angalau dakika 60. Zinabaki saa 11. Mara siku 6, ni 66. Ondoa 45, ovataimu ni 21 kwa wiki, yaani 84 kwa wiki 4, wakati mwisho ni 50. Na yule wa kwenye kikaushio, asiyeweza kuacha mashine akaenda kula, saa yake ya chakula nayo ni kazi na inalipwa. Kwake ovataimu inafika 108. Mlinzi wa getini anayekesha siku 7 simgusi leo. Hesabu yake inatisha.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Malipo ya mara moja na nusu ni ya saa ambazo sheria imeziruhusu. Ile ya 51 hairuhusiwi hata ikilipwa mara tatu.

Njia zipo bila kufunga kiwanda. Ya kwanza ni shifti 3 za saa 8: ukitoa chakula, siku 6 ni saa 42, na ovataimu haipo. Lakini shifti 3 maana yake kuna watu wanaotoka au kuingia usiku wa manane, na kwa barabara za mashamba yetu wakati wa masika hilo si jambo dogo. Kwa hiyo angalieni kifungu cha 21: kwa makubaliano ya maandishi, mtu anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, chakula kikiwa humo humo, ila kwa siku 5 tu, saa 45 za kawaida na ovataimu isiyozidi 10. Saa 11 mara siku 5 ni 55, inaingia sawasawa. Kiwanda kikitaka kwenda siku 6, kila nafasi 5 zitahitaji mtu wa sita wa kupokezana. Mimi ningechagua hii.

Kwa nini tung'ang'anie 55? Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa uchambuzi wa pamoja: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Kwa maoni yangu hata 55 tuione kuwa ukingo, si shabaha.

Wenye viwanda vya mbao Mafinga wana mzigo wa ziada, nao ni kelele. Kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Ukirefusha shifti kutoka saa 8 hadi 12 umeongeza dozi ya kelele sikioni kwa nusu nzima, ingawa msumeno ni ule ule. Vizibo vya masikio vilivyochaguliwa kwa shifti ya saa 8 vipimwe upya.

Kuna tabia ya kuunganisha shifti mwenzio asipotokea. Sheria inataka saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kutoka na kurudi kazini. Mtu aliyekaa macho saa 17 ana wepesi wa mikono kama aliyekunywa pombe ya kumfikisha asilimia 0.05 katika damu, na huyo ndiye tunamwachia msumeno saa 9 usiku. Dharura ya kweli sheria inaitambua. Mtoro wa kila Jumatatu si dharura, ni upungufu wa watu. Na wale wanaolala stoo kusubiri zamu, Juni na Julai, msiingize jiko la mkaa ndani. Moshi hauonekani, lakini hewa yake inaua usingizini.

Malipo kwa kifupi. Mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 ugawe kwa 195, yaani 45 mara 4.333: saa moja ni 2,000. Ovataimu 3,000. Siku ya mapumziko au sikukuu 4,000. Kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ongeza asilimia 5, sh 100 kwa saa, au 150 ikiwa saa hiyo ni ovataimu. Wachumaji wa kipande, yaani wanaolipwa kwa kiasi wanachochuma, nao wamo: chukua wastani wa mapato ya wiki 13 zilizopita ndiyo uwe mshahara wa wiki. Na kazi ya usiku asipangiwe mjamzito katika miezi 2 kabla ya kujifungua, mzazi katika miezi 2 baada yake, wala aliye chini ya miaka 18.

Mfanyakazi, uwe na daftari lako: tarehe, saa ya kuingia, ya kutoka, kama ulikula, na nani alikuambia ubaki. Andika siku hiyo hiyo. Lililojazwa mwisho wa mwezi kwa kalamu moja halimshawishi mwamuzi. Kama ofisi haikulipi, fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ijazwe ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu, na "nilikuwa naogopa bosi" mara nyingi haitoshi.