Kimya Kingi cha Seva

Waheshimiwa walimu, wenzangu wa mitambo, na ninyi vijana mliokaa mpaka kwenye ngazi: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie zana za usimamizi wa mifumo na utengenezaji wa programu. Kila nikialikwa kwenye ukumbi kama huu, swali la kwanza huwa lile lile: mnatumia zana gani? Ansible au Puppet za kupanga seva? Zabbix au Prometheus za kuzichunga? Jibu langu ni fupi. Chukua moja, ijue mpaka ndani, kwa kuwa ukiijua moja vizuri ya pili haitakusumbua. Nikishasema hivyo naomba mniruhusu niende kwenye jambo ambalo nimelipata kwa kukaa na wataalamu wenzangu, wanaolinda seva na wanaoandika programu, wakati wa chai na usiku wa manane. Jambo hilo ni kimya. Zana zilizokosea kwa kelele zilinisumbua, nikazirekebisha, nikalala. Zilizoniumiza ni zile zilizokosea kimya kimya.

Nianze na la kwangu. Kuna ofisi niliyofanya kazi nikiwa bado kijana, nikiwa peke yangu kwenye chumba cha seva. Niliandika skripti, yaani orodha ya amri, iliyoamshwa na cron, saa ya kengele ya seva, kila saa 8 usiku. Ilikuwa inachota kanzidata yote ya uhasibu, inaibana, inaiweka kwenye diski ya nje iliyochomekwa nyuma ya seva, kwenye folda niliyoiita /mnt/bakapu. Ikimaliza, inaandika neno moja kwenye faili la kumbukumbu: IMEKAMILIKA. Kila asubuhi nilikuwa nafungua faili lile, naliona neno langu, nakwenda kunywa chai.

Siku moja mtu alihitaji tundu la umeme, akachomoa waya wa ile diski. Simlaumu hata leo, maana hakuna aliyewahi kumwambia ule waya ni wa nini. Wiki ile ile umeme ukakatika, na seva ilipowaka upya ikawaka bila diski. Sasa, wanaotumia Linux wanalijua hili: diski ikiondoka, folda haiondoki. /mnt/bakapu ilibaki pale pale na jina lake lile lile, ila sasa ilikuwa ndani ya diski ya seva yenyewe. Skripti haikuuliza chochote. Iliendelea kuweka nakala humo kila usiku, na kila usiku iliandika IMEKAMILIKA.

Miezi minne baadaye diski ya seva ikafa. Kanzidata ikafa, na nakala zikafa nayo, kwa sababu zilikuwa zinalala nyumba moja. Mama mhasibu, ambaye hakuwa na kosa lolote, alikaa wiki tatu na maboksi ya risiti akiingiza moja baada ya nyingine. Kila nilipopita mlangoni kwake nikamwamkia, aliitikia marahaba kwa upole ule ule wa siku zote. Upole ule uliniuma kuliko barua ya onyo niliyopewa.

Mstari mmoja tu ungetosha. Kuna amri inaitwa mountpoint, kazi yake ni kukuambia kama folda hii kweli imeshikwa na diski. Kama haijashikwa, skripti isimame hapo hapo na ipige kelele. Mstari mmoja, na sikuuandika, kwa kuwa nilikuwa napima kazi yangu kwa neno nililoliandika mwenyewe.

Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikadhani mshindo ule ulikuwa wangu peke yangu, mpaka Januari 31, 2017.

Usiku huo wahandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi mtandaoni kazi za waandika programu, walikuwa wanapambana na kanzidata yao ya PostgreSQL. Kulikuwa na seva kuu na seva ya akiba inayoifuata nyuma, na ile ya akiba ilikuwa imeachwa mbali mno hata haiwezi kufikia. Mhandisi mmoja akaamua kuijenga upya kwa zana inayoitwa pg_basebackup. Akaandika amri, akabonyeza, na skrini ikanyamaza. Hakuna herufi hata moja. Akajaribu tena, ikanyamaza tena. Kumbe zana ile ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inasubiri seva kuu ianze kutuma data, na inaposubiri haisemi kwamba inasubiri. Yeye akaelewa kwamba imekwama.

Naomba mkae hapo kidogo. Aliyeandika zana alijua maana ya kimya kile, na aliyeitumia hakuijua. Kati yao hakukuwa na hata sentensi moja ya "nasubiri seva kuu."

Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa imepita saa nane usiku. Yule mhandisi alishapanga kwenda kulala kabla mambo hayajaharibika. Akafikiri huenda majaribio ya mwanzo yameacha mabaki kwenye folda ya data ya seva ya akiba, akaandika amri ya kuifuta. Baada ya sekunde moja au mbili akagundua yuko kwenye seva kuu. Akaikatisha amri, lakini takribani GB 300 zilikuwa zimekwenda.

Wakakimbilia nakala. Walikuwa na nakala ya kila siku iliyotakiwa kwenda kwenye hifadhi ya Amazon S3. Wakafungua hifadhi, tupu. Zana ya kuchota nakala ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati kanzidata yenyewe ni 9.6, kwa hiyo kila siku ilikuwa inakataa na kuacha kazi. Na ilikuwa inasema! Ilikuwa inatuma barua pepe za hitilafu kama ilivyopangwa. Ila barua hizo hazikuwa na uthibitisho unaotakiwa na DMARC, kanuni ya kuzuia barua pepe bandia, basi upande wa kupokea ulikuwa unazikataa. Mtambo ulikuwa unalia usiku kucha na mlango umefungwa.

Kilichowaokoa ni picha ya diski, yaani nakala ya diski nzima ilivyokuwa wakati ule, ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono kama muda wa saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio yake ambayo hayakuhusiana na balaa hili. Kuirudisha kulichukua karibu saa 18, kwa sababu diski za upande wa majaribio zilikuwa za polepole. Vilivyopotea ni vya zile saa sita: miradi ipatayo 5,000, maoni mengine kama hayo, na akaunti mpya zipatazo 700.

Ninawaheshimu sana watu wale kwa walilofanya baadaye. Walirusha kazi ya uokoaji moja kwa moja kwenye YouTube, dunia nzima ikitazama. Waliandika taarifa ya chanzo bila kuficha kitu, na jina la aliyefuta hawakulitaja. Walimwita tu "mwanatimu namba 1". Kutokana na taarifa ile mimi leo ninaweza kusimama hapa nikawafundisha. Katika mambo waliyoamua kurekebisha kulikuwa na dogo ambalo nililifanya ofisini kwetu siku hiyo hiyo: jina la seva kwenye mstari wa amri lionekane wazi. Kwetu seva kuu ni nyekundu, ya majaribio ni kijani. Mkono ukifika kwenye kibodi, jicho limeshaona wekundu.

Sasa nije kwa wanaoandika programu, maana najua mmejaa humu. Kuna kijana mmoja hodari sana tuliyefanya naye mfumo wa malipo. Siku moja nikamkalisha nikamwonyesha sehemu kumi na kitu kwenye kodi ya programu yake ambapo hitilafu inakamatwa na kutupwa, bila kuandikwa popote. Akaniambia, "Kaka, wateja wakiona maandishi mekundu wanampigia bosi." Nikamwelewa. Alifundishwa kuficha na ofisi ile ile iliyokuwa inaniamsha mimi usiku nitafute kilichofichwa. Tukakubaliana: mteja aone sentensi ya kistaarabu, kwamba malipo hayajapita na ajaribu tena baadaye, mimi kwenye logi, lile faili la kumbukumbu, nikute saa, namba ya muamala, seva iliyokataa, na jibu lake neno kwa neno. Mazungumzo yale hayakufika nusu saa. Tangu hapo akianza kitu kipya ananiuliza, "Kaka, ukiamshwa na hiki usiku, utapenda ukute kimeandikwa nini?" Sijapata swali zuri zaidi ya hilo kwa mtengeneza programu yeyote.

Na kuna wanaosikia hata mnong'ono. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wanaoiandika hiyo hiyo PostgreSQL, alikuwa anapima kasi ya mambo yake mengine. Akaona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuifikia seva kutoka mbali, kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi wetu tungesema ni mtandao. Yeye akafuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa ameshiriki kwenye mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. Freund aliujua mwendo wa kawaida wa mashine yake, ndiyo maana nusu sekunde ilimshtua. Nendeni mkapime mwendo wa kawaida wa seva zenu wakati ni nzima, mkauandike.

Binti pale nyuma amenyoosha mkono tangu mwanzo. Anasema ofisini wanakofanya mafunzo kuna seva moja tu, watajaribu wapi kurudisha nakala?

Mdogo wangu, tafuta laptopu kuukuu, ile iliyovunjika bawaba. Weka Linux, weka kanzidata ya toleo lile lile la seva yenu, halafu rudisha nakala ya jana usiku humo. Isiposema kitu, usiiamini. Ingia mwenyewe utafute muamala wa mwisho uliofanyika jana jioni kabla ofisi haijafungwa, ulinganishe kiasi chake na risiti ya karatasi. Ukiukuta, andika tarehe na muda uliotumia kwenye karatasi, ubandike kwenye mlango wa chumba cha seva. Ya kwetu inaonyesha Jumamosi iliyopita, dakika 47.

Nani mwingine ana swali?