Kupanga Misumari na Skrubu kwa Madumu ya Mafuta ya Kula

Ndugu mtazamaji, karibu katika karakana ya useremala hapa Dodoma. Juu ya meza kuna madumu ya mafuta ya alizeti ya lita 5, ambayo hayakosekani katika nyumba nyingi za Dodoma na Singida, pamoja na chupa za kioo zenye vifuniko vya bati. Leo tutavitumia kupanga misumari, skrubu na bawaba.

Kabla ya kukata, hakikisha unajua dumu lilibeba nini. Dumu la viuatilifu lisitumike kabisa, na lililobeba petroli lisikatwe, kwa kuwa mvuke unaobaki ndani unaweza kulipuka kwa cheche ndogo tu. Dumu la mafuta ya kula halina hatari hiyo, lakini lina usumbufu wake: utando wa mafuta ukibaki, vumbi letu la kiangazi hunata humo na kuigandia misumari. Mimina maji ya uvuguvugu, ongeza sabuni ya unga na mchanga kidogo, funga kifuniko, tikisa kwa nguvu, suuza, kisha liegemeze mdomo ukiwa chini hadi likauke.

Sasa tazama dumu lilivyosimama. Shikio hatuligusi, kwa sababu ndilo tutakalolivutia dumu kutoka kwenye rafu. Chora dirisha kwenye ubavu ulio upande wa mdomo, likianzia chini kidogo ya bega la dumu, na uache ukingo wa sentimita 8 kutoka kwenye kitako. Wapo wanaokata sehemu yote ya juu ili libaki kama beseni. Njia hiyo siipendi, kwani huondoa paa, na katika mji wenye upepo kama huu paa ndilo linalozuia vumbi. Ukingo huo mfupi nao una kazi yake, maana misumari ni mizito kuliko inavyoonekana, na dumu lililojazwa hadi juu hupasuka kwenye shikio.

Toboa kona moja kwa keekee, ingiza ubapa wa msumeno wa chuma, kata polepole ukifuata mstari, kisha lainisha kingo kwa msasa. Kisu kilichopashwa moto hukata upesi, ila moshi wake haufai kuvutwa.

Kwa utambulisho, wino hufutika kwa mikono yenye jasho. Ni afadhali kufunga kwa waya msumari mmoja wa aina iliyomo, nje ya dumu, mahali unapoonekana. Rafu isikae juani, kwa kuwa jua la moja kwa moja huifanya plastiki iwe kavu na kuvunjika.

Chupa za kioo tutazining'iniza chini ya rafu kwa ajili ya skrubu ndogo. Kaza kila kifuniko kwenye ubao kwa skrubu 2, fupi kuliko unene wa ubao, kwa sababu kikishikwa na skrubu moja tu kitazunguka pamoja na chupa kila unapoifungua. Acha nafasi ya vidole kati ya chupa na chupa, na usiweke humo tina (kimiminika cha kuzimulia rangi) wala mafuta ya taa.