Nani aligawa poti 22?

Asanteni. Kwa kuwa muda ni mfupi, naanza na namba 22. Ni poti, yaani mlango wenye namba ambao programu hupitia kuingia kwenye kompyuta nyingine.

Kila anayeingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuendesha kompyuta ya mbali, anaipitia, ingawa ni nadra mtu kuiandika. Programu inaijua tayari. Mwaka 1995 Tatu Ylönen alikuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini. Mtandao wa chuo ukavamiwa, nywila zikanaswa njiani, maana Telnet, njia ya zamani ya kuingia kompyuta ya mbali, ilizisafirisha wazi kama zilivyo. Akaunda SSH, programu ya kusimba mawasiliano yote, yaani kuyageuza yasisomeke njiani, kisha akatafuta poti. Angeweza kujichukulia karibu yoyote kati ya zile 65,536, kompyuta haidai kibali cha mgawaji. Lakini programu za wengine zingejuaje pa kubisha? Akatazama orodha ya poti zilizogawiwa: 21 ni ya FTP, ya kuhamisha mafaili, 23 ya Telnet, hao hao aliotaka kuwarithi, na 22 haina mwenyewe. Mwezi Julai akawaandikia IANA, wagawaji wa namba za intaneti, barua pepe. Kesho yake Joyce Reynolds wa IANA akajibu kwamba amepewa 22. Hakuna muhuri, hakuna "njoo wiki ijayo".

IANA ya siku zile ilikuwa Reynolds na Jon Postel, huko California. Nyuma kabisa, mwaka 1972, Postel alipendekeza awepo mtu mmoja wa kugawa namba rasmi, akajipendekeza mwenyewe kwenye mabano, na alama ya kuuliza juu! Watu wakamfuata bila kulazimishwa, kwa sababu orodha mbili zingewavuruga wote.

Na orodha ikigeuza neno? Tazameni 465. Mwaka 1997 ilitengewa barua pepe iliyosimbwa tangu salamu ya kwanza. Wataalamu wakabadili mawazo: mazungumzo yaanze wazi, usimbaji uombwe baadaye. 465 ikafutwa, ikapewa URD, itifaki (utaratibu wa mawasiliano) isiyohusiana na barua kabisa. Lakini programu za barua zilikuwa zimeshasambaa, na seva zikaendelea kuitikia pale pale. Mwaka 2018 waraka wa RFC 8314, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti, ukairudishia barua pepe namba hiyo, URD nayo ikabaki. Huduma mbili poti moja, kwa ruhusa ya mara moja tu. Kwangu mimi, mzoea ndiye aliyeshinda.

Sasa nyinyi mnaounda programu: chini ya 1024 msiguse. Ombeni kati ya 1024 na 49151. Kuanzia 49152 hazigawiwi mtu, na mfumo wa Linux, kwa kawaida, huanza tangu 32768 kuazima poti za muda kwa mawasiliano yake ya kutoka nje. Ukijibanza huko bila kuangalia, siku moja seva yako itawaka na kukuta poti imekaliwa.

Karibuni maswali.