Mwezi wa Kumi na Nne, Maji ya Kumi na Sita

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana. Ahsanteni kwa kuja baada ya isha, na Mungu awalipe mliotandika mikeka.

Mmeniita nizungumze juu ya kitabu changu cha maji kujaa na kupwa. Miezi minne sasa tangu kitoke chapani. Sikuja kuwasomea yaliyomo, maana wengi wenu mnayajua kwa miguu yenu. Nataka niwaeleze yaliyokipata tangu kitoke mikononi mwangu, kwa sababu nilikifuata. Nilikifuata kama mzazi anavyomfuata mtoto siku yake ya kwanza chuoni, kwa mbali, nione anapokelewaje.

Tahakiki ya kwanza ilitoka Nairobi. Mhakiki alisifu lugha, akasema kumbe fizikia inasomeka kwa Kiswahili. Nilifurahi, na furaha ile bado ninayo. Wa pili alilalamikia bei, na michoro iliyochapwa midogo mno, na yote mawili ni kweli. Lakini hakuna aliyeyagusa maji yenyewe. Nikajiambia, wanaoweza kuyagusa wako wapi? Nikapakia boksi mbili kwenye basi hadi Mokowe, nikavuka kwa boti hadi kisiwani Lamu.

Jioni ya kwanza nilikaa barazani, si mbali na gati, kijana wa sekondari akiwasomea wazee wanne sura ya pili. Herufi zangu zilikuwa ndogo kwa macho yao. Nilishika kalamu, na kila alipokwama nikatia alama. Alikwama kwenye “tungamo”. Akakwama tena kwenye sentensi iliyojaa mistari mitano bila kituo, akaishiwa na pumzi katikati. Halafu akafika pale nilipoandika “kipindi cha tofauti ndogo ya kina”. Akayasoma maneno yote sita, taratibu, kama anayebeba mtungi. Mzee mmoja akasema, “Maji mafu hayo.” Wenzake wakaitikia, na kijana akaendelea kusoma.

Maneno mawili, na yalikuwapo kabla sijazaliwa. Niliyajua tangu utotoni. Niliyaacha kwa kudhani kwamba sayansi inataka maneno marefu, na usiku ule nilifuta ukurasa mzima.

Kesho yake mama mmoja, mwalimu wa chekechea, alikuja na nakala yake imekunjwa kwenye ukurasa alioshindwa kuuvuka. “Mwalimu,” akaniambia, “mwezi ni mmoja. Ukivuta maji, yangejaa upande uliko mwezi, mara moja kwa siku. Mbona yanajaa mara mbili?”

Ndugu zangu, hilo ndilo swali kubwa kuliko yote katika kitabu hiki, na jibu langu lilikuwa limejificha nyuma ya hesabu. Nikaanza upya. Mwezi huvuta zaidi kilicho karibu nao. Maji yaliyo upande wa mwezi huvutwa sana. Dunia yenyewe, hapo katikati, huvutwa kiasi. Maji ya upande wa pili, yaliyo mbali kwa upana wote wa dunia, karibu kilomita 12,700 zaidi, huvutwa kidogo kuliko vyote. Nikamtazama usoni, bado hajatosheka.

Nahodha mmoja mtu mzima alikuwa ameketi pembeni, akisikiliza. Akachukua vifuu vitatu vya nazi akavipanga mstari chini. “Mashua tatu kwenye mkondo,” akasema. “Ya mbele mkondo wake mkali. Ya kati mkondo wa wastani. Ya nyuma mkondo dhaifu. Zote zinakwenda upande mmoja. Sasa wewe umo kwenye ya kati. Utaona nini?” Akavisogeza: cha mbele sana, cha kati kiasi, cha nyuma kidogo tu. Nafasi ikafunguka mbele, na nafasi ikafunguka nyuma. Yule mama akapiga kofi moja. “Zote mbili zinamkimbia!”

Ndivyo hasa. Sisi tumo kwenye mashua ya kati. Maji ya upande wa mwezi yanatutangulia, maji ya upande wa pili tunayaacha nyuma, na huku na huku bahari inainuka. Dunia inapojizungusha tunapita kwenye minuko yote miwili. Na kwa kuwa mwezi nao unasonga kwenye njia yake, kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Nimefundisha fizikia miaka mingi, na sijapata kuona mfano uliolenga kama ule. Utaingia kwenye toleo la pili, na nahodha amekubali nieleze ulikotoka.

Siku ya tatu nilikwenda Matondoni. Fundi wa majahazi alikuwa amekisoma kitabu chote. Alikifunga ndani ya mfuko wa plastiki kisilowe. Akakifungua kwenye sura ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, akaweka kidole chini ya mstari mmoja. Niliandika kwamba maji hujaa kupita kiasi usiku ule ule mwezi unapokamilika, kwa sababu jua, dunia na mwezi viko kwenye mstari mmoja, na jua, ambalo nguvu yake juu ya maji ni karibu nusu ya ile ya mwezi, linausaidia.

“Mwanangu,” akasema, “ningefuata mstari huu ningekishua chombo mwezi wa kumi na nne, usiku unapokamilika, na kingekaa mchangani. Sisi tunangoja kumi na sita. Pengine kumi na saba.”

Sikumjibu papo hapo. Nilikata mti, nikautia alama kwa kisu, nikauchimbia karibu na gati, nikaenda kuutazama siku nne mfululizo, alasiri kwenye saa kumi hivi, kila siku nikingoja hadi maji yafike juu. Alama ya kumi na sita iliipita ya kumi na nne kwa shibiri nzima.

Fundi alikuwa na haki, na wataalamu wa bahari wanalijua jambo hili: maji makubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi kukamilika. Bahari ni nzito, ina vina na vikwazo, inasuguana na sakafu yake. Msukume mtoto kwenye bembea. Ule msukumo wako mkubwa kuliko yote siyo unaomfikisha juu kabisa. Hufika baadaye kidogo, misukumo ikishajumlika. Mimi niliandika mpangilio wa mbinguni nikasahau uzito wa maji.

Nikivuka kurudi Mokowe nilimkumbuka Galileo, mwanasayansi wa Italia. Mwaka 1632 alichapisha kitabu chake kikubwa kwa Kiitaliano, si Kilatini, ili kisomwe na watu wengi zaidi. Alitaka kuthibitisha kwamba dunia inazunguka, na hilo alikuwa sahihi. Lakini ushahidi aliouegemea ni maji kujaa na kupwa, akisema yanatikiswa na mwendo wa dunia yenyewe, na akamshangaa Kepler, mtaalamu wa nyota wa zama zake, kwa kuamini kwamba mwezi una mamlaka juu ya maji. Hesabu yake ilitoa kujaa mara moja kwa siku. Venice maji hujaa mara mbili. Hiyo ya pili aliieleza kwa umbo na kina cha bahari. Ikabidi tungoje hadi 1687, Newton alipoonyesha kwamba ni uvutano wa mwezi na jua.

Simtaji kumshusha. Namtaja kwa kuwa ananiogopesha. Akili kubwa namna ile, na maji yako pale kando. Na namtaja Darwin pia, ambaye nakala 1,250 za chapa ya kwanza ya kitabu chake juu ya asili ya viumbe zilitoka 1859, naye akaendelea kukirekebisha hadi toleo la sita, mwaka 1872, akijibu waliompinga. Najua mchapishaji wangu hatapenda kusikia habari ya sita.

Nimeleta kurasa za sura ya bamvua, zimeandikwa upya. Ziko hapa mezani, na kalamu zipo. Chukueni, someni kwa sauti, na pale ulimi unapokwama tieni alama. Kesho kutwa ni mwezi wa kumi na sita. Fundi anashua jahazi Matondoni, saa kumi alasiri, na amenipa nafasi kwenye kamba.